Saa ya mkononi na tumbo la binti yangu

SWALI: Daktari, binti yangu husokotwa na tumbo mara kwa mara, lakini vipimo havionyeshi kitu. Kuna kifaa cha kuvaa kitakachothibitisha anaumwa kweli?

JIBU: Cha kupima maumivu yenyewe, hakuna. Saa janja za mkononi husoma mapigo ya moyo, jasho na mwendo, mambo ambayo hubadilika hata akiogopa mtihani. Kuna pia vibandiko vya elektrodi vinavyobandikwa juu ya tumbo. Hunasa mawimbi ya umeme ya mfuko wa tumbo, kwa kawaida kama 3 kwa dakika. Mdundo ukivurugika, huenda mfuko haufanyi kazi sawasawa, lakini hautuambii uchungu ni mkubwa kiasi gani. Hilo analijua yeye. Mwambie ataje namba, 0 hadi 10, aandike saa na alichokula. Usidhani anadeka. Akitapika damu au kukonda, mlete haraka.