NANI ANAIPASHA DUNIA JOTO?

Leo tuongee kuhusu mvua.

Mvua zikichelewa na pamba ikanyauka, pita sokoni Lagangabilili usikilize. Huyu anasema jua limezidi ukali. Yule anasema kuna mtu kaifunga mvua. Hapo ndipo penye hatari! Usukumani vikongwe wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Kumbe mara nyingi ni moshi wa kuni tu.

Sasa wanasayansi wanasemaje?

Hewa ya ukaa hushika joto la dunia kama blanketi. Zamani, kabla viwanda havijaenea, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa za ukaa. Leo zimepita 420. Blanketi limekuwa zito.

Wamejuaje kuwa ni sisi binadamu?

1. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ni ya kale sana, ina alama yake. Alama hiyo inaonekana hewani.

2. Jua limepimwa kwa setilaiti tangu miaka ya 1970. Halikuzidi ukali, lakini dunia imezidi joto.

3. Lingekuwa ni jua, hata hewa ya juu sana ingepata joto. Badala yake inapoa, joto linabaki huku chini.

Ndiyo maana mwaka 2021 IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, lilisema hakuna shaka: ni shughuli za binadamu. Mtanzania, Dk. Ladislaus Chang'a, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wake.

Lakini angalia: msimu mmoja mbaya peke yake si ushahidi. Ukame ulikuwepo hata enzi za babu. Wanasayansi hulinganisha miaka mingi.

Je, ni kosa la mkulima wa Itilima? Sehemu yake ni ndogo mno. Gesi nyingi zimetoka nchi zenye viwanda vikubwa. Hata hivyo, kukata miti nako kunachangia. Wasukuma wana dawa yao: ngitili, eneo linalofungwa ili majani na miti viote. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 Shinyanga, Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa huo, ulifufua ngitili nyingi.

JADILI NA WENZAKO: Mvua zikichelewa kwenu, nani hulaumiwa? Ukisikia jina la bibi fulani linatajwa, utawaambia nini?