Viza ya India inaanzia kwa babu wa Kasingirima

Mama mmoja wa Kasingirima, muuza mawese, alinijia juzi na bahasha ya kaki iliyonuka mzigo wake. Ndani mlikuwa na barua ya udahili ya binti yake kutoka chuo kimoja cha Pune, India, matokeo ya kidato cha sita, cheti cha kuzaliwa, na kipande cha karatasi alichoandikiwa kwa kalamu ya bluu kwenye ofisi alikopeleka maombi ya pasipoti: "Alete vielelezo vya babu." Hapakuwa na jina la mwandishi, tarehe wala mhuri.

"Mwanangu anakwenda kusoma famasi," akaniambia. "Babu yake kafa mtoto yuko la pili. Anahusikaje na India?"

Anahusika, mama. Kwa Kigoma yetu anahusika kuliko hata ubalozi wenyewe, na ndiyo maana safu ya leo itachelewa kufika Dar es Salaam, ubalozi uliko.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvifunga kwenye fundo moja. Viza ni hiari ya nchi unayokwenda. India ikikunyima, huna mahakama ya Tanzania ya kuishtakia, na ada uliyolipa hairudi. Pasipoti ni habari nyingine. Ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kurudi, na bila pasipoti haki hiyo haivuki hata geti la uwanja wa ndege. Kwa hiyo kwenye viza unaomba; kwenye pasipoti unadai, kwa adabu, lakini unadai. Tatizo ni kwamba anayedai haki ya raia huulizwa kwanza kama ni raia, na mkoa wetu huulizwa swali hilo kwa sauti kubwa kuliko mikoa mingine. Tunapakana na Burundi, Kongo tunaiona ng'ambo ya maji hali ya hewa ikiwa safi, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na majina ya koo yanafanana. Ujiji kwenyewe nusu ya mji ina mababu wa Kimanyema waliokuja na misafara ya karne ya 19. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 nao, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa tajnisi. Hati walianza kukabidhiwa mwaka 2014. Afisa aliyeletwa hapa kutoka Lindi au Mtwara anaona mchanganyiko huo na kuanza kuchuja.

Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inatambua raia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Kifungu cha 5 kinamhesabu aliyezaliwa nchini tangu Muungano, 26 Aprili 1964, kuwa raia wa kuzaliwa, na kinawatoa wachache tu, kama watoto wa wanadiplomasia wa kigeni. Ukikisoma kama kilivyoandikwa, binti aliyezaliwa hospitali ya Maweni amemaliza kazi. Ofisini hakisomwi hivyo. Utaulizwa mzazi wako yupi ni raia, na fomu ya pasipoti yenyewe inataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake. Basi usiende ukiwa umebeba kadi ya kliniki peke yake ukategemea kifungu cha 5 kikupiganie.

Mzazi akishaulizwa, ndipo babu anapofufuliwa. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya 9 Desemba 1961 aliamka raia siku ya uhuru iwapo mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Kama wazazi wake wote wawili walizaliwa ng'ambo, tuseme Uvira au Kalemie, hakuwa raia papo hapo. Alipaswa kuomba kuandikishwa, na wazee wengi wa mwambao hawakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuomba. Walikuwa wanavua dagaa. Huo ndio ufa ambamo mjukuu anatumbukia miaka 60 baadaye.

Lakini sheria haikuamuru mtu apite kwa babu mzaa baba. Mzazi mmoja anatosha, na mama ni mzazi. Nimeona familia zikihangaika miezi minne kutafuta habari za mzee aliyezikwa Fizi, Kongo, wakati nyanya mzaa mama yuko hai Mwandiga, ana ndugu saba waliozaliwa kijiji kimoja, na mwenyekiti wa kijiji anawajua wote. Nilimuuliza huyu mama: wewe baba yako alizaliwa wapi? Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomoza wapi. Hapo hapo Kasingirima, na babake pia, na baba mdogo yuko hai, ana kadi ya TANU. Basi tuna mlango. Vielelezo vya babu vilivyotakiwa vinaweza kuwa vya huyo babu mzaa mama.

Hapa niseme jambo linalonikera. Wenzetu wa Kasulu na Kabanga, waliozaliwa karibu na misheni, wana vyeti vya ubatizo vyenye tarehe, jina la baba na jina la kijiji. Waislamu wa Ujiji hawakuandikiwa karatasi madrasa. Mtoto alipewa jina siku ya saba, akanyolewa, watu wakala, mambo yakaisha. Kwa hiyo tafuteni karatasi za dunia: kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi ya kichwa, kitambulisho cha kazi cha reli au bandari, cheti cha shule ya msingi, hati ya kiwanja. Hakuna hata moja ambayo peke yake ni uthibitisho wa uraia. Zikiwekwa pamoja na kiapo kilichoandikwa vizuri, zinabeba.

Na kiapo ndicho kinachoharibiwa kuliko vyote. Nilichokuta kwenye ile bahasha kilipigwa chapa na kijana wa stesheni kwa shilingi elfu tano. Kinasema baba wa binti alizaliwa "Kigoma" mwaka 1969. Kigoma ipi? Kijiji, kata, wilaya, hakuna. Aliyeapa ni baba mwenyewe, kana kwamba alisimama mlangoni akajishuhudia anazaliwa. Mstari wa tano unasema mama yake mzazi alizaliwa 1958. Fanya hesabu: alimzaa akiwa na miaka 11. Afisa yeyote akisoma hapo anaweka kalamu chini, na mimi simlaumu.

Kiapo cha kuzaliwa huapwa na mtu mzima aliyekuwepo au aliyejua: shangazi, baba mkubwa, mzee wa mtaa. Kinaeleza yeye ni nani kwa muapiwa, amejuaje, mtoto alizaliwa kijiji gani, kwa wazazi gani na wao wa wapi. Kinaapwa mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu, muapaji akiwepo kwa miguu yake. Na kiwe kweli. Kuapa uongo ni jinai, na uongo kwenye uraia ukigunduliwa baada ya miaka 20 humkuta mtoto katikati ya ajira yake.

Angalieni pia majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwajuma, NIDA ikisema Mwajabu na cheti cha mtihani kikisema Mwajuma tena, ubalozi utaona watu wawili. Sawazisheni kabla ya pasipoti, kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, si kwa kufutafuta na kuandika juu.

Sasa, ukikataliwa pasipoti ufanye nini? Usiondoke na kipande cha karatasi cha kalamu ya bluu. Andika barua, ambatisha nakala, ipelekwe masijala na yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Omba jibu la maandishi lenye sababu. Hilo si ujeuri. Ibara ya 13(6) ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa kikamilifu, na Mahakama Kuu katika shauri la Tanzania Air Services dhidi ya Waziri wa Kazi, mwaka 1996, ilisisitiza kwamba mamlaka ya umma inayoamua juu ya haki za mtu inapaswa kutoa sababu. Ukishapata jibu, au likichelewa kupita kiasi, unaweza kuomba Mahakama Kuu, na tunayo hapa Kigoma, ipitie uamuzi huo. Ruhusa ya kufungua shauri la namna hiyo huombwa ndani ya miezi 6. Wanaosubiri "tuone mwakani" huwa wameshachelewa. Asiye na fedha ya wakili ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bila malipo.

Mfano wa kukumbuka ni wa Anudo Ochieng Anudo. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa, wakashikilia pasipoti yake. Mwaka 2014 akafukuzwa nchini kwenda Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki anaishi kati ya mipaka miwili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba alinyang'anywa uraia kiholela. Muhimu kwetu ni hoja ya mahakama: mtu ambaye dola imekuwa ikimtambua kwa hati zake, dola ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Kwa bahati mbaya, Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda mahakama hiyo moja kwa moja. Hoja, hata hivyo, haikuondolewa, na wakili anaweza kuitaja hapa.

Akitokea mtu wa kukwambia "nipe laki mbili nikusogezee faili", kumbuka kwamba ada ya pasipoti ya kielektroniki, tangu ilipozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000: 20,000 za fomu na 130,000 baadaye, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si mkononi. TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bure.

Tukishavuka hapo, India yenyewe haina maneno mengi. Barua ya udahili iwe ya chuo kinachotambuliwa huko. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na ndio wanaosajili mawakala wa vyuo vya nje, kwa hiyo muulize wakala namba yake ya usajili kabla hujamuuliza ada. Mkataba naye uwe wa maandishi, useme anarudisha nini viza ikikataliwa. Pasipoti asikae nayo kama dhamana. Ni mali ya serikali, na deni la wakala halilipwi kwayo.

Fedha ndipo wafanyabiashara wetu hukwama. Mjomba ana boti mbili Kibirizi na anaweza kulipa ada ya miaka mitatu, ila fedha yake inalala kwenye dagaa na kwenye simu. Kuimwaga yote benki wiki moja kabla ya maombi kunatia shaka kuliko kuwa na kidogo. Aanze mapema kuipitisha benki, na barua yake ya udhamini iambatane na leseni ya biashara na ya uvuvi, ili msomaji wa Dar es Salaam aelewe boti ni nini.

Wakala akisema binti atafanya kazi huko ajilipie ada, anadanganya. Viza ya masomo ya India hairuhusu ajira. Akisema ingia kwa viza ya utalii ubadilishe ukifika, mkimbie. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, na akifika kwa viza ya zaidi ya siku 180 anajisajili kwenye ofisi ya usajili wa wageni ndani ya siku 14.

Mama, baba yako mdogo aje nami kwa hakimu Jumatatu asubuhi, kabla jua halijawa kali maana miguu yake nimeambiwa inamsumbua. Aje na ile kadi ya TANU kama ilivyo, na vumbi lake. Mwambie kijana wa stesheni asiilaminishe.