Nyumba Uliyoiacha na Siku Ulizokaa Nje: Kodi ya Anayefanya Kazi Akihamahama

Mtafsiri au mbunifu wa tovuti wa Dar es Salaam anaweza leo kubeba kompyuta yake mpakato, akaishi Nairobi miezi kadhaa, kisha Morisi, huku malipo yakiendelea kuingia kutoka kwa wateja wa Ulaya ambao hajapata kuonana nao ana kwa ana. Miongoni mwa watu wa kazi hizi imeenea imani kwamba asiyefikisha siku 183 katika nchi yoyote hadaiwi kodi popote. Imani hiyo ni nusu ya sheria, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowagharimu watu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, kutimiza siku 183 nchini ni njia mojawapo tu ya mtu kuhesabiwa kuwa mkaazi wa Tanzania kwa mwaka husika. Njia nyingine ni kuwa na makazi ya kudumu nchini na kuwapo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo. Ipo pia njia ya wastani: aliyekuwapo nchini mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka, naye ni mkaazi.

Tuseme mbunifu huyo ana nyumba yake Mbezi. Katika mwaka mmoja amekaa Morisi siku 150, Nairobi siku 120, na nyumbani siku 95. Hakuna mahali alipofikisha 183. Hata hivyo, nyumba ya Mbezi pamoja na siku hizo 95 zinamfanya mkaazi wa Tanzania, na mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya duniani kote. Kupokea fedha katika akaunti ya benki ya nje hakubadilishi jambo hilo.

Kenya nayo hutumia vipimo vya siku 183 na wastani wa 122. Ikiwa mbunifu wetu alikaa Nairobi siku 130 katika kila mmoja wa miaka miwili iliyopita, jumla ya miaka mitatu ni siku 380, yaani wastani wa takriban 127. Basi ni mkaazi wa Kenya pia, ingawa mwaka huu amekaa huko siku 120 tu. Mtu aweza kabisa kuwa mkaazi wa nchi mbili kwa wakati mmoja, na wengi hulitambua hilo baada ya kupokea barua ya madai.

Hapo ndipo nafuu ya kodi iliyolipwa nje inapohitajika. Kama kodi ya Tanzania kwa mapato ya nje ni shilingi 3,000,000, na mlipakodi amekwisha kulipa huko sawa na shilingi 2,000,000 kwa mapato hayo hayo, atabakiwa na 1,000,000 ya kulipa hapa. Kama huko alilipa 4,000,000, hatadaiwa zaidi, lakini ile ziada hairudishwi. Nafuu hii huombwa kwa ushahidi wa malipo. Maelezo ya mdomo hayatoshi.

Kibali cha kuishi ni jambo jingine kabisa. Nchi kadhaa, Morisi na Ureno zikiwamo, hutoa viza kwa wanaofanya kazi kwa njia ya mtandao. Viza humruhusu mtu kukaa. Haimwondolei wajibu wa kodi alikotoka, wala peke yake si uthibitisho kwamba hadaiwi kodi alikofikia.

Anayejiajiri, au aliyeajiriwa na mwajiri wa nje asiyewajibika kumkata kodi hapa, hujikadiria mwenyewe na kulipa kwa awamu nne. Kwa mwaka wa kalenda, awamu hizo huishia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha.

Tunza tiketi za safari, mikataba ya pango, taarifa za benki na stakabadhi za kodi ya nje. Usitegemee pasipoti peke yake, kwa kuwa baadhi ya viwanja vya ndege sasa hupitisha abiria bila kugonga muhuri.