KIMBILIO LA MKE ANAYEPIGWA

Mwanamke wa Msangano, wilayani Momba, akipigwa na mumewe hata akahofia uhai wake, akimbilie wapi? Mpaka hauko mbali. Akifika Tunduma, ng'ambo ni Nakonde, nchini Zambia. Na kwa kuwa Wanyamwanga wako pande zote mbili, huenda ana shangazi huko. Je, akivuka, sheria yamhesabu kuwa mkimbizi?

Kwanza yatupasa kujua mkimbizi ni nani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 wamtambua mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu ya haki ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, taifa, maoni ya siasa au kuwamo katika kundi fulani la jamii, naye hawezi kupata ulinzi wa serikali yake. Kipigo cha nyumbani hakikutajwa. Kwa hiyo wengi walidhani kwamba ugomvi wa mume na mke hauhusiani na mkataba huo.

Lakini mahakama zimeendelea kulichunguza jambo hili. Mwaka 1999 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba wanawake wawili wa Pakistani, walioteswa na waume zao na kufukuzwa majumbani, wastahili hifadhi, kwani dola ya kwao isingewalinda kwa sababu ni wanawake. Januari 2024 Mahakama ya Umoja wa Ulaya nayo ilisema kwamba mwanamke anayekimbia ukatili wa nyumbani aweza kuwa mkimbizi.

Twaona basi kwamba kipigo peke yake hakitoshi. Shina la shauri ni hili: je, serikali yake ilishindwa au ilikataa kumlinda? Mwombaji ataulizwa aliripoti wapi, alijibiwa nini, na kama angeweza kuishi salama katika mkoa mwingine. Hivyo fomu ya polisi ya PF3, cheti cha hospitali na barua ya mtendaji ni vitu vya kutunzwa sana. Anayevuka kimya na kukaa kwa shangazi bila kuomba hifadhi huonekana mgeni tu. Na njia aliyopitia yeye, mumewe pia aijua.

Pili, tusisahau kwamba ulinzi huanzia nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila yaruhusu. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Baraza la usuluhishi la ndoa nalo lipo. Lakini kusuluhisha si kumrudisha mtu penye hatari.

Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, na Mfalme Najashi, ambaye hakuwa ndugu yao, akakataa kuwatoa kwa watesi wao. Nasi, mwanamke abishapo hodi usiku, tusimwambie "vumilia" na kumsindikiza kwa mumewe. Tumfungulie mlango, tumpeleke hospitali na polisi, na tuwe tayari kutoa ushahidi. Kijiji kikifanya hivyo, hatalazimika kutafuta nchi ya watu apate kuishi.