Mpelekee Sehemu Yake: Somo Kutoka Jikoni mwa Sikukuu

Somo: Nehemia 8:9-12
Masomo ya kusaidia: Luka 14:12-14 na 28, 1 Wakorintho 11:20-22, Yohana 21:9-13

Juma hili hatuendi mbali. Tunaingia jikoni. Usiseme, "Hili ni somo la akina mama, wacha niruke ukurasa." Baba, kaa hapo hapo. Kijana, wewe pia. Kila mtu anayekula ana neno lake hapa.

Jumamosi iliyopita tulikutana nyuma ya kanisa, akina mama kama kumi na wawili, tukipanga chakula cha Krismasi. Tulikuwa tunamenya vitunguu saumu, na unajua akina mama wakishika kisu, mdomo nao haukai bure. Tuliongea juu ya bei ya vitunguu. Tuliongea juu ya mama mboga anayefunga kibanda mapema mwezi huu kwa sababu anaenda ushago. Mmoja akasema pilau bila binzari nyembamba ya kusaga mwenyewe ni wali uliopotea njia. Halafu ikaja ile vita ya kila mwaka: unga wa chapati ukandwe na maji moto au maji vuguvugu? Nyanya mmoja akasema maji moto, chapati ikae laini mpaka kesho. Mwingine akasema maji moto ni ya mtu asiye na nguvu ya kukanda. Tulicheka mpaka machozi yakatoka, na hayo hayakuwa ya vitunguu.

Katikati ya kicheko hicho dada mmoja alikuwa kimya. Alimenya tu. Watu walipopungua akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mwaka jana sikuja. Mlibisha kwangu, na nilikuwa ndani."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Jina langu lilikuwa kwa ile karatasi, na mbele yake hakukuwa na kitu."

Wapendwa, ile karatasi niliiandika mimi. Kila mama shilingi 500, jina upande huu, pesa upande ule, na niliibandika kwa mlango wa jikoni ili kila mtu aone tumefika wapi. Kwangu ulikuwa mpango mzuri. Kwake ilikuwa aibu iliyobandikwa ukutani. Siku ya Krismasi tulipobisha kumchukua, aliwaambia watoto wanyamaze. Akaketi nao gizani mchana, mlango umefungwa, harufu ya chapati za jirani ikipita chini ya mlango. Watoto walikula uji.

Nilikosa la kusema. Nilienda nyumbani nikafungua Nehemia 8, nikasoma kama mtu ambaye hajawahi kuisoma.

1. MUNGU HAPINGI SIKUKUU

Hebu tuangalie andiko. Watu wa Yuda wamerudi kutoka uhamishoni, na ukuta wa Yerusalemu umejengwa. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba wanakusanyika mbele ya Lango la Maji, na Ezra anawasomea torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Walawi wanawaeleza maana yake. Watu wakaanza kulia, kwa maana Neno liliwachoma.

Sasa ona viongozi walivyofanya. Hawakuongeza maombolezo. Waliwaambia wasilie, siku hiyo ni takatifu; waende wakale vilivyonona na wanywe vilivyo vitamu. Kwa hivyo usimwache mtu akuambie kwamba ukipika pilau siku ya Krismasi umepoa kiroho. Chakula cha furaha mbele za Mungu ni ibada. Bwana wetu mwenyewe alialikwa karamuni mara nyingi, na alienda.

Lakini wengi wetu tunaijua mwisho wa aya ya 10 peke yake, ile inayosema juu ya furaha ya Bwana kuwa nguvu zetu. Tunaiimba, tunaiandika kwa ukuta, tunaipigia makofi. Katikati ya aya hiyo hiyo kuna agizo tunaloruka: mpelekeeni sehemu yake yule ambaye hakutayarishiwa kitu. Agizo hili limekaa kati ya chakula na furaha. Kwanza kula. Halafu peleka. Ndipo furaha ikatajwa. Ukitoa ile sahani ya katikati, hiyo furaha unayoimba ni nusu.

2. HESABU KABLA YA KUWASHA JIKO

Yesu katika Luka 14:28 anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza, anahesabu gharama. Mtu wa Mungu, sufuria ya Krismasi nayo ni mnara.

Wacha nishuhudie. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua mkopo wa simu tarehe 23 Desemba. Nilitaka wageni wangu wakute mbuzi, soda na mapazia mapya. Walikula, wakanisifu, wakaenda. Januari ikaja, ile tunayoiita Njaanuari. Mtoto wangu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na wakati huo huo simu inalia kila siku kudai deni. Wale waliokula mbuzi hawakuwepo. Mithali 22:7 inatuonya kwamba mwenye kukopa huwa mtumwa wa aliyemkopesha, na mimi nilijiuza kwa sababu ya mapazia.

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua karatasi, igawe mara mbili. Upande mmoja andika vitu vya Januari: karo, viatu vya shule, kodi ya nyumba, nauli ya kurudi. Upande mwingine andika chakula cha sikukuu. Anza kujaza upande wa Januari. Kinachobaki ndicho cha Krismasi, na hicho kinatosha.

Najua utasema, "Mama, kwangu hakuna kinachobaki." Ndiyo maana tuna vyama vyetu. Tuseme akina mama 10 wanaweka shilingi 100 kila wiki kuanzia mwanzo wa Septemba. Kwa wiki 15 kila mmoja ana shilingi 1,500, na chama kina 15,000. Mnanunua unga, mchele, mafuta na sukari kwa jumla, mnagawana. Haumizwi na ile bei inayopanda wiki ya mwisho. Na yule anayepimiwa mafuta ya shilingi 20 kila jioni huwa analipa zaidi kwa lita kuliko anayenunua mtungi. Chama kinamtoa hapo.

Jua pia kipimo chako. Mkono wangu mimi hutoa chapati 24 kwa pakiti moja ya kilo 2. Nikijua watu ni 8, sinunui pakiti tatu kwa sababu jirani amenunua tatu. Ukiwa na ndengu zilizoungwa vizuri, kachumbari yenye dania, na chapati ya moto, hiyo ni karamu. Mithali 15:17 iko wazi kabisa: mboga palipo na upendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona palipo na chuki.

3. PELEKA, USINGOJEE AJE

Rudi kwa Nehemia. Hakusema, "Akija mwenye njaa, mpe." Alisema pelekeni. Aliye na aibu haji. Atafunga mlango na kuwanyamazisha watoto. Lazima sahani itembee.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa ukali juu ya jambo hili (1 Wakorintho 11:20-22). Walikusanyika kula pamoja, lakini mmoja alibaki na njaa na mwingine akalewa. Anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Nilipofika hapo nikaona karatasi yangu mlangoni. Sikukusudia kumtahayarisha mtu. Wale wa Korintho pia, nafikiri, hawakukusudia. Walikuwa na njaa tu na hawakuangalia kando.

Sasa namna ya kupeleka. Sikiliza vizuri, maana unaweza kupeleka chakula na kumwumiza mtu.

Moja, peleka mapema. Usipeleke mabaki saa mbili usiku. Andiko linasema sehemu, na sehemu hutengwa kabla watu hawajaanza kula. Pakua sahani hiyo ikiwa ya kwanza, na nyama iwe ndani.

Mbili, peleka bila picha. Ukimpiga picha mtu akipokea unga wako na kuiweka kwenye simu, umeshamlipisha.

Tatu, angalia chombo. Kwetu tumefundishwa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Ni desturi nzuri, lakini kwa asiye na kitu ni deni. Atakaa na sahani yako wiki mbili akitafuta cha kuweka ndani, na kila ukikutana naye atakwepa. Basi tumia chombo ambacho hutakidai, au mwambie, "Hiki ni chako, nina vingine."

Nne, ikiwezekana peleka vikiwa vibichi. Unga, mafuta, nyama kidogo, vitunguu. Mama anataka watoto wake wasikie harufu ikitoka kwa jiko lao wenyewe.

Na wewe unayepelekewa, fungua mlango. Usikatae kwa kiburi ukiita imani. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akampa Eliya, na Mungu akaitunza ile chupa (1 Wafalme 17:8-16). Lakini Eliya naye, mtumishi mkubwa hivyo, alikubali kulishwa na mjane. Kupokea pia ni unyenyekevu.

4. NANI ANABAKI JIKONI?

Ndugu zangu wanaume, nimefika kwenu. Kila sikukuu ibada inaendelea, sifa zinapanda, na kuna akina mama watano nyuma wanakohoa moshi. Wanasikia mahubiri kupitia ukuta. Wakija mwishoni, viti vimejaa na nyama imeisha.

Soma Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu, wamelowa, wamechoka. Wanafika ufuoni, wanakuta moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Nani amewasha hayo makaa? Bwana aliyefufuka. Halafu akawaita waje wafungue kinywa. Petro alikuwa pale, yule aliyemkana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Bwana alimlisha kwanza, ndipo akamwuliza juu ya upendo. Ikiwa Bwana aliwasha jiko, mzee wa kanisa hawezi kubeba maji? Kijana hawezi kuosha sufuria? Mwaka huu tuwe na zamu, wanaume wakiwemo, kila mtu akae ibadani angalau nusu.

HITIMISHO

Nilimwomba yule dada msamaha. Sikufanya hivyo kwa maombi ya siri peke yake; nilienda kwake, nikaketi, nikasema, "Nilikosea." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema watoto bado wanauliza kwa nini siku ile walinyamazishwa, na yeye hajui atawajibu nini. Sikuwa na jibu la haraka. Tulilia, tukaomba.

Ile karatasi nimeichana. Mwaka huu kuna kikapu kwenye kona, na kimefunikwa. Weka ulicho nacho: pesa, kikombe cha mchele, kitunguu kimoja. Asiye na kitu ana mikono, na mikono ndiyo inayokosekana kila mwaka. Yule dada tumempa kazi ya kuhesabu sahani zinazotoka nje. Hakuna anayeijua kazi hiyo kumliko. Ameshataja milango mitatu ambayo sisi hatukuwahi kuiona imefungwa.

Aya ya 12 inamaliza kwa kusema watu walienda kula, kunywa, kupeleka sehemu, na kufanya shangwe kubwa, kwa sababu walikuwa wameyaelewa maneno waliyoambiwa. Wao waliyaelewa siku hiyo hiyo. Mimi imenichukua miaka. Wewe usichelewe.

KWA MAJADILIANO YA NYUMBA KWA NYUMBA

1. Katika Nehemia 8:10, kwa nini unafikiri agizo la kupeleka limewekwa kati ya kula na furaha?
2. Kuna jambo gani tunalofanya hapa kanisani kwa nia njema lakini linamwaibisha asiye na kitu?
3. Je, bajeti yako ya Krismasi inaijua Januari?
4. Wanaume: mtachukua zamu gani jikoni mwaka huu?

Kazi ya juma: Kabla ya Jumapili, taja mbele za Mungu mlango mmoja ambao hujaubisha. Tenga sehemu yake kwanza.

MAOMBI

Baba, asante kwa chakula, kwa moto na kwa kicheko cha jikoni. Tusamehe pale tulipokula bila kuangalia kando. Tuokoe na deni la kujionyesha. Fungua macho yetu tuone mlango uliofungwa, na umpe nguvu aliye ndani aufungue. Wakumbuke watoto walionyamazishwa. Katika jina la Yesu, Amina.