Ukificha Hazina, Usitishe Jirani

Jiokashi ni mchezo gani?

Mchezaji huficha hazina, yaani chombo chenye daftari dogo, kisha hutangaza mahali kilipo kwa vipimo vya GPS. Wenzake hukitafuta, husaini daftari na kukirudisha palepale. Mchezo ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, siku chache tu baada ya raia kuruhusiwa kutumia GPS yenye usahihi zaidi. Leo hazina hizi ziko hadi Kenya na Tanzania.

Kwa nini watu hushtuka?

Mama ntilie amefungua kibanda alfajiri. Anamwona mtu asiyemjua, simu mkononi, akiinama na kupapasa chini ya benchi. Mtu yule anatazama kushoto na kulia, kisha anaondoka. Chini ya benchi kumebaki kijisanduku. Mama akiwapigia polisi, amefanya jambo la haki. Sisi tuliozika watu wetu baada ya mabomu ya Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, hatuwezi kumwambia anaogopa bure.

Wetherby, Uingereza, Julai 2011, kijisanduku cha namna hiyo kilionekana nje ya mkahawa. Watu waliondolewa, wategua mabomu wa jeshi wakaitwa na kukilipua. Kumbe kilikuwa cha mchezo.

Kabla ya kuficha

1. Omba ruhusa kwa mwenye eneo, na mlinzi wa hapo ajue.
2. Epuka shule, reli, madaraja, viwanja vya ndege, kambi za jeshi, balozi na ofisi za serikali.
3. Tumia plastiki inayoonyesha kilichomo ndani. Usitumie bomba lililozibwa ncha zote mbili, wala kitu chenye waya au kilichoviringishwa utepe mweusi. Ukitumia kasha tupu la risasi, lisibaki na maandishi ya jeshi.
4. Andika nje, kwa lugha ya wenyeji, kwamba ni mchezo, pamoja na namba yako ya simu.
5. Usifukie ardhini. Usiweke chakula, visu wala viberiti.

Baada ya kuficha

Kikague chombo mara kwa mara. Ukiacha mchezo, kiondoe. Ukisikia kimezua taharuki, wapigie polisi mara moja uwaeleze ni chako. Nawe mtafutaji, ukiulizwa unatafuta nini, simama ueleze kwa adabu. Usikimbie.

Kwa asiye mchezaji

Ukiona kitu usichokielewa, usikiguse, hata kama kina maandishi. Sogea mbali, waonye wengine, kisha piga 112; Kenya pia 999.

Hazina iliyofichwa vizuri humhangaisha anayeitafuta tu. Mama ntilie huyu inamwacha auze chai yake kwa amani.