Dondoo Muhimu: Kutazama Ndege Machakos Mwezi Machi

Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya wanapoanza kurudi kaskazini, chukua darubini uingie bondeni.

1. Fika kabla ya saa moja asubuhi. Jua likipanda, ndege wengi hujificha.
2. Vaa kijani au kahawia, si nyeupe.
3. Mtafute zogoyogo wa Hinde, anayepatikana Kenya pekee: macho mekundu, manyoya yenye madoa meupe, kundi zima likipiga kelele ndani ya kichaka cha lantana.
4. Usimwite kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, utamtoa kiotani.
5. Mwenye shamba, usifyeke kila kichaka kando ya mto. Hapo ndipo zogoyogo huyu anapotaga.
6. Usitie mzoga sumu. Tumbusi nao hufa.
7. Andika tarehe, mahali na idadi, utume kwa mradi wa Kenya Bird Map.